UZI: Likizo ya majini kwa sisi wa Dodoma. Tufuate maji yetu: Hombolo, Bahi, Mtera, hadi Saadani na Mafia

#1 Mfuata_Mto

Wakuu, salaam.

Shule zikikaribia kufungwa, iwe Juni au Desemba, mjini hapa swali ni lile lile: watoto tuwapeleke wapi wakaone maji? Jibu la haraka ni Zanzibar. Ambaye mfuko wake haufiki Zanzibar hana jibu, watoto wanamaliza likizo sebuleni wakiangalia katuni. Mimi naamini hilo si la lazima, na ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Mkoa wetu ni mkavu, hakuna ubishi. Mvua ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, tena msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, na maji ya bombani tunayategemea zaidi visima vya Makutupora. Lakini hiyo mvua kidogo haipotei hivi hivi. Ina njia tatu, na kila njia ni likizo kamili kwa mtu atakayeifuata.

Njia ya kwanza ni ya Mto Bubu. Maji yanashuka kutoka pande za Kondoa, yanaingia mbuga ya Bahi, na hapo ndiyo mwisho wake. Bahi haina mlango wa kutokea. Maji yanatanda, jua linayala taratibu mpaka kiangazi kinaikuta mbuga imepasuka nyufa. Njia ya pili ni ya Kinyasungwe: inapita bwawa la Hombolo, inakwenda Gulwe na Kidete, inakutana na Mkondoa kule Kilosa, mto unakuwa Wami, na Wami unaingia Bahari ya Hindi pale Saadani. Njia ya tatu ni ya kusini, Mtera. Hapo unaingia kwenye Ruaha Mkuu, unashuka Kidatu, unafika Rufiji, na mbele ya mdomo wa Rufiji, ng'ambo ya maji, ndipo kilipo kisiwa cha Mafia.

Mtu wa Dodoma akisimama Hombolo, maji anayoyaona yako safarini kwenda baharini. Mimi hilo nimewaeleza wanangu kwa ramani ya ukutani na kalamu nyekundu, na tangu hapo wanaijua nchi yao kwa mito yake kabla ya kuijua kwa mikoa.

Hombolo ni ya siku moja. Kilomita 40 hivi kutoka mjini, bwawa la tangu 1957, pembeni mashamba ya zabibu. Beba ndoano, mkeka, chakula na maji ya kunywa ya kutosha. Asubuhi ndege ni wengi na jua halijawa kali. Kuogelea hapana, sababu naomba wataalamu wa afya waje waieleze vizuri. Sitaki kusema mengi zaidi juu ya Hombolo: nendeni Jumamosi, mtarudi jioni.

Bahi inataka kusubiri wakati wake. Kwenda Septemba ni kwenda kuangalia vumbi. Nendeni mvua zikiwa zimeshiba, Machi, Aprili, hata Mei mwaka mzuri, kwa barabara ile ile ya Singida. Utaona majaruba ya mpunga, wavuvi wa kambale, na ndege wa majini waliokuja kufuata maji kama wanavyofuata watu wa huko. Ukipata mwenyeji wa kukupitisha kwa mtumbwi kwenye mafunjo, mshukuru na umlipe vizuri, maana hiyo ndiyo kazi yake na maji hayo hayamkai mwaka mzima.

Sasa Mtera. Hapa naomba mnivumilie.

Mtera ni bwawa lililojengwa kwenye Ruaha Mkuu mwishoni mwa miaka ya 1970, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuweka akiba ya maji ya masika ili mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye megawati 204, isisimame kiangazi. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza kazi 1988. Bwawa likijaa linatanda zaidi ya kilomita za mraba 600. Ukitokea huku kwetu kwenye mibuyu na vichaka vya miiba, Mlowa Barabarani, Fufu, Chipogolo, halafu ghafla mbele yako ni maji mpaka macho yanachoka, moyo unashtuka. Hakuna mtoto aliyekulia Dodoma ambaye hatanyamaza kwanza akiona hivyo.

Pale unapata nini? Samaki, kwanza kabisa. Perege aliyetolewa usiku na kukaangwa asubuhi mbele yako. Machweo juu ya maji. Viboko kwa mbali. Mitumbwi ikirudi alfajiri, akina mama wakisubiri ufukweni na beseni. Si ufukwe wa mchanga mweupe, sitawadanganya. Ni sehemu ya kazi, ya wavuvi, na mgeni anaingia kwa heshima. Kwenye ukuta wa bwawa pana mitambo ya umeme na ulinzi, kwa hiyo uliza askari kabla ya kutoa kamera.

Na kuna jambo linaloniuma kuhusu maji haya. Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi kule ndani ya hifadhi ya Ruaha, sababu kubwa ikiwa matumizi ya maji huko juu, bonde la Usangu. Mnaokumbuka mgao wa umeme wa 2006 mnakumbuka hali ya mabwawa yetu wakati ule. Mtu ambaye hajawahi kukaa ufukweni Mtera anasikia habari za kina kushuka kama habari za nchi nyingine. Aliyewahi kupanda mtumbwi pale anauliza: wale wavuvi wanakula nini mwezi huu? Ndiyo maana nataka twende na watoto.

Naomba wenye uzoefu waongeze: usalama, malazi, njia, majira. Hata wanaopinga karibuni.

#2 Mama_Ipagala

Asante sana kaka kwa uzi. Nina watoto wawili, miaka mitano na minane, na mume wangu hawezi kuomba likizo ndefu. Maswali yangu ni ya kawaida. Mtera kuna pa kulala pa familia? Boti zikoje? Na mamba? Nimesikia habari za mamba wa Mtera tangu niko msichana na ndizo zinazonizuia.

#3 Kasia_la_Migoli

Dada, nimezaliwa ng'ambo ya pili ya bwawa, upande wa Iringa, na familia yetu inakula kwa maji haya. Nikujibu kwa moyo mmoja.

Mamba wapo. Viboko wapo. Asikudanganye mtu kwamba wamehama. Lakini watu wanaoumizwa wengi wao ni wenyeji wanaoingia majini kila siku: kuchota maji, kufua, kuvuta nyavu kiunoni. Mgeni anayekaa ndani ya boti nzuri, mchana, na nahodha anayejua vijia, yuko salama kuliko dada yangu anayechota ndoo jioni. Watoto wako wasikae ukingoni mwa maji wakichezea, na wasifuate njia za chini ya matete. Hizo njia nyingi kachimba kiboko. Kiboko anatoka majini jua likizama kwenda malishoni, anarudi kabla hapajapambazuka. Hatari yake kubwa ni kujikuta umesimama kati yake na maji. Kwa hiyo saa kumi na mbili jioni watoto wawe wameshapanda juu, mbali na ukingo.

Kuhusu chombo: mtumbwi wa kuvulia si chombo cha kutembezea watoto. Ni mwembamba, unataka mtu ajue kukaa. Tafuta boti pana ya mbao yenye mashine. Kabla ya kuingia, waambie wakuonyeshe jaketi okozi, moja kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto. Jaketi ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitano inamchomoka kichwani akianguka. Kama hawana, usipande, hata wakikushushia bei. Hapo hapo usione aibu.

Saa za kutoka ni asubuhi, kuanzia jua likichomoza hadi saa nne. Mchana upepo unaanza kusukuma, na bwawa lenyewe ni pana, halina kilima cha kulikinga. Mawimbi ya Mtera ni mafupi na yanakuja haraka haraka, yanapiga ubavuni. Tena kuna visiki. Bwawa lilipojaa mara ya kwanza miti ilibaki imesimama ndani ya maji; mingine inaonekana, mingine iko kiganja kimoja chini. Nahodha mwenyeji anaijua. Mtu aliyekuja na boti yake ya kuvuta kwa gari haijui, ndiyo wanaovunja mashine.

Malazi: vyumba vya kawaida vipo pande zote mbili, Mtera na Migoli. Safi, vya kawaida, neti ipo, maji ya kuoga wakati mwingine ya ndoo. Ukitaka hoteli, endelea hadi Iringa mjini, unapanda Nyang'oro, hali ya hewa inabadilika kabisa na watoto wanaomba sweta.

Na tafadhali nunua samaki kwa akina mama wa pale, na uwaulize kama ni wakubwa. Vile vidogo vya makokoro, nyavu za kukokota, visiponunuliwa, kokoro litakosa kazi. Sisi wenyewe ndio tunaolia perege wakiisha.

#4 Nesi_wa_Makole

Mwanzisha uzi umeomba watu wa afya. Nimekuja kwa ajili ya kichocho.

Kichocho kinaletwa na minyoo midogo inayokaa kwa konokono wa maji baridi. Mtu mwenye minyoo akijisaidia majini au kando ya maji, mayai yanaanguliwa, yanaingia kwa konokono, yanakua humo, kisha yanatoka maelfu kwa maelfu yakitafuta ngozi ya binadamu. Hayahitaji kidonda. Yanapenya ngozi nzima, kwa dakika chache tu. Yanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na jua la mchana. Sasa fikirieni ni wapi watoto wanapenda kuchezea: pale pale.

Kwa hiyo Hombolo, Mtera, ziwa Victoria kwenye ghuba zake, mabwawa ya mifugo, kote huko msiingize miguu. Maji ya mtumbwini yaliyorukia mguu, futa mara moja kwa taulo kavu, sugua. Baharini kichocho hakuna, na bwawa la kuogelea lenye klorini halina shida.

Kama mtoto ameshaingia, usikimbilie kupima kesho yake. Mayai yanahitaji majuma kadhaa kuonekana kwenye choo au mkojo, subiri kama miezi miwili hivi, isipokuwa akiwa na homa, kuwashwa mwili au damu kwenye mkojo, hapo nenda mara moja na umwambie daktari kwamba alioga bwawani. Hilo la kumwambia ndilo watu wanalolisahau. Dawa ipo, prazikwanteli, inatolewa kwa uzito wa mgonjwa, na inaponya. Kisichotibiwa ndicho kinachoharibu kibofu na ini baada ya miaka.

Na malaria, jamani. Mtu wa Dodoma mjini amezoea mbu wachache. Ukilala kando ya maji, neti si hiari.

#5 Mtaa_wa_Chang'ombe

Mkuu Mfuata_Mto, nakuheshimu ila naomba nipinge.

Mtu amekula vumbi la Dodoma mwaka mzima. Akipata siku tatu unamwambia aende akaangalie maji asiyoruhusiwa kuyagusa? Likizo ya majini ni kuingia majini. Na siku hizi bahari imesogea. Treni ya mwendokasi ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, mambo yalibadilika. Unaondoka hapa, ndani ya saa tatu hadi nne uko Dar. Zamani hiyo siku nzima iliishia kwenye basi, watoto wanatapika Gairo.

Mimi na familia yangu tunapanda Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi tunakwenda Kunduchi, boti hadi kisiwa cha Mbudya. Kile ni hifadhi ya bahari, kuna kiingilio, maji ni safi, watoto wanaogelea, samaki anabanikwa pale pale, vivuli vya makuti. Jumapili jioni tuko kwenye treni kurudi. Bongoyo nayo ni hivyo hivyo. Sihitaji Zanzibar wala Mtera.

Tiketi ununue mapema, mwisho wa wiki na karibu na sikukuu zinaisha.

#6 Mfuata_Mto

Mkuu wa Chang'ombe, hoja yako nzito na naikubali kwa upande wa kuogelea. Ila ukiwa kwenye hiyo treni, baada ya Gulwe kuelekea Kilosa, waonyeshe watoto bonde la mto upande wa reli. Hayo ndiyo maji ya Hombolo. Bonde hilo ndilo lililoisumbua reli ya zamani miaka mingi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Mto ambao sisi huku tunauvuka kwa miguu Agosti, Januari unang'oa mataruma.

Na ukitaka kuyaona yakifika mwisho wa safari, nenda Saadani. Unapita Chalinze. Ni hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa bahari, na kuna safari ya boti kwenye Wami: asubuhi unaanza na viboko na mamba, mikoko inakukaribia pande zote mbili, maji yanaanza kuwa ya chumvi, halafu unatoka baharini. Maji ya mto na ya bahari yanapochanganyika pale ndipo kamba wanapokulia, ndiyo maana wavuvi wa Saadani wanaishi kwa kamba. Nilipowaona watoto wangu wakionja yale maji kwa kidole wakitafuta chumvi imeanzia wapi, nilijua pesa haikupotea.

#7 Mwana_wa_Pangani

Wakuu wa bara, mimi mwenzenu nilihamishiwa Dodoma kikazi, nyumbani ni pwani. Naona watu wengi wa huku wanakwenda baharini bila kuuliza maji, halafu wanarudi wamenuna. Ngojeni niwape ya kwetu.

Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama mpya, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, Zanzibar tofauti inafika mita nne hivi. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti ndogo. Sasa mtu amelipia hoteli Paje au Jambiani, upande wa mashariki, anaamka saa nne asubuhi ya bamvua, bahari haipo! Imekwenda huko kwenye mwamba, zaidi ya kilomita, wamebaki akina mama wanalima mwani. Anaona ameibiwa. Hajaibiwa, hakuangalia mwezi. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Nungwi au Kendwa, kule maji hayakimbii namna hiyo. Na ukitembea maji yakiwa yamekupwa vaa viatu, shokomoko, yule wa miiba, hana huruma.

Pepo nazo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, joto, bahari ya wastani. Kusi inaanza Aprili na kupiga sana Juni na Julai, ndiyo hiyo likizo yenu ya katikati ya mwaka. Juni usimpeleke mgonjwa wa bahari kwenye boti ndogo kwenda Mafia. Kati ya kusi na kaskazi, Oktoba na Novemba, bahari inalala, maji maangavu, ukivaa miwani na mrija unaona hadi vipepeo wa matumbawe wakigombana. Mamlaka ya hali ya hewa inatangaza kila siku. Ukisikia "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2", ahirisha. Si maneno ya kupamba taarifa.

Kwetu Pangani kuna jambo moja nawaomba mlione kabla hamjafa: Maziwe. Ni fungu la mchanga katikati ya bahari, nalo ni hifadhi. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, kasa wakipanda kutaga. Miti ilikwisha, sasa kimebaki mchanga mtupu unaozama bamvua ikijaa. Unakwenda maji yakipwa, unaondoka kabla hayajarudi, na nahodha ndiye anayesema saa. Usibishane naye.

Mafia: aliyetaja mdomo wa Rufiji kasema kweli. Ule mto unalisha bahari, ndiyo maana papa potwe wanakuja Kilindoni, Oktoba hadi Februari hivi. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana habari na mtu. Anachuja vidogo vidogo majini. Unaogelea pembeni yake, humgusi, hupigi maji kwa miguu. Kivuko kipo kutoka Nyamisati. Ukitoka huku, Desemba ndiyo likizo yako ya Mafia, Juni iwe ya mabwawa yako.

#8 Mwari_wa_Singidani

Mbona Singida mmetuacha njiani? Kutoka Dodoma ni lami tupu, na ziwa Singidani liko mjini kabisa, na Kindai upande wa pili. Ni maziwa ya magadi, hayaogeleki na hayanyweki, ila kaa kwenye yale mawe makubwa jioni uangalie heroe wakiwepo, maji yote yanageuka waridi. Mwaka mwingine hawaji, wanafuata chakula chao. Kuku wa kienyeji hilo sihitaji kulitangaza.

Na mkishindwa Mtera, nendeni Babati. Dodoma, Kondoa, Babati lami. Pale Kolo mnaweza kusimama kuona michoro ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006. Ziwa Babati ni la maji baridi na lina viboko wengi, wenyeji wanakupeleka kuwaona kwa mtumbwi. Masharti ya Kasia_la_Migoli yafuatwe yote huko pia.

#9 Reli_ya_Kati

Kigoma ndiyo likizo ya mtu mwenye wiki mbili. Treni ya reli ya zamani inapita hapa hapa Dodoma, unalala ndani, unaamka nchi imebadilika rangi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na maji yake ni ya kijani na buluu, unaona mawe chini. Kutoka Kigoma unapanda boti hadi Gombe, ambako Jane Goodall alifika 1960 kuchunguza sokwe. Mahale ni mbali zaidi kusini, hakuna barabara ya kuingia ndani, ni maji tu. Migebuka ya kubanika usiku, na ugali wa muhogo.

Meli ya Liemba muiulizie kwanza kama iko kazini kabla ya kufunga safari. Iliundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 isitekwe, Waingereza wakaiibua 1924. Meli yenye historia hiyo mtu asiikose kwa kukosa simu moja.

#10 Mtaa_wa_Chang'ombe

Mimi kwa jamaa wa maziwa nina wasiwasi mmoja, nausema bila kumlenga mtu. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996. MV Nyerere Septemba 20, 2018, karibu na Ukara, watu zaidi ya mia mbili, gati likionekana. Tunapeana maeneo mazuri humu, lakini tusipoambiana kukataa chombo kilichojaa tutakuwa hatujasaidiana.

#11 Kasia_la_Migoli

Mkuu umesema neno. Na kukataa kwenyewe kuna namna, maana abiria wengi wanaogopa kuonekana waoga. Simama ufukweni, hesabu watu, hesabu jaketi. Angalia ukingo wa boti: ikiwa imekaa na maji yako kiganja kimoja kutoka mdomoni, hiyo imejaa, haijalishi nahodha anasema nini. Uliza kama imekaguliwa. Vyombo vidogo vinatakiwa kuwa na cheti cha ubora, TASAC, wakala wa serikali wa usafiri wa majini, ndio wanaosimamia. Watu wakianza kuhamia upande mmoja kuangalia kiboko, wewe baki ulipo na uwashike wanao. Boti nyingi ndogo zinapinduliwa na abiria, si na mawimbi. Na nahodha akinuka pombe, shuka, hata kama umeshalipa.

Mimi nimemzika binamu yangu kwa maji haya. Alikuwa mvuvi hodari. Jaketi lilikuwa nyumbani.

#12 Mama_Ipagala

Pole sana kaka. Mungu amrehemu.

Nimesoma yote na mume wangu kasoma. Tumekubaliana hivi: Juni hii Hombolo Jumamosi moja kwanza, kuona watoto wanatulia vipi karibu na maji. Kisha Mtera usiku mmoja, tulale Migoli, boti saa moja asubuhi, tusiguse maji. Desemba tukijaliwa treni na Mbudya, waogelee mpaka wachoke. Mafia wakikua.

Kinachonisumbua ni jaketi za watoto. Madukani mjini nimeona za watu wazima tu.

#13 Mfuata_Mto

Dada, mpango umekaa vizuri. Badilisha kitu kimoja: Mtera msiende katikati ya Juni kama upepo umeshaanza kuwa mkali, nendeni wiki ya kwanza tu shule zikifungwa, maji ya masika bado yako juu na visiki vingi vimefunikwa kwa kina cha kutosha boti kupita. Mpigie mwenyeji siku moja kabla umuulize hali ya bwawa asubuhi ile.

Jaketi ninazo mbili za watoto, moja ya kilo 15 hadi 20 na nyingine ya kilo 20 hadi 30. Mpime watoto kilo kwanza, usiangalie umri. Zina mkanda wa kupita katikati ya miguu, huo lazima ufungwe. Nitumie ujumbe wa faragha tupange nikuletee. Mkitoka Mtera mnirudishie, kuna familia nyingine ya Nkuhungu inazihitaji wiki inayofuata. Na mwenye nyingine ambazo wanawe wamekua azitaje hapa, niweke orodha kwenye posti ya kwanza.

#14 Nesi_wa_Makole

Ninayo moja, kilo 30 hadi 40. Iko kazini kwangu, mje saa za mchana.